Kurasa Zilizokuwa Sakafuni

Doha, 12 Februari 2011

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya Januari imenifikia wiki hii, imepitia wapi sijui, bahasha imechanika pembe lakini maneno yote yamo. Nimefurahi kusikia jicho la kulia bado linaona. La kushoto lipeleke hospitali, na usimchoshe dada Salma kwa ubishi.

Leo sikuandikii habari za joto wala za chakula. Nakuandikia habari za kitabu chako.

Katika hoteli yetu hapa Al Sadd, chumba 614, anakaa mzee wa Kijapani aitwaye Kuwabara. Ni wa umri wako, labda amekuzidi miaka michache. Mimi ndiye ninayesafisha chumba chake. Kazi yake maishani imekuwa moja: anachukua riwaya za watu na kuziandika upya ziwe sinema. Hapigi picha wala haigizi. Yeye ndiye anayeandika nani aingie, aseme nini na atoke vipi. Alianza akiwa na miaka ishirini na nne na amemaliza vitabu thelathini na kimoja. Anasema zamani kampuni za kwao zilimgombania. Kisha waliomjua wakastaafu, wengine wakafa, vijana wakataka mambo yao, naye akawa anaitwa kupewa tuzo za uzee badala ya kazi. Ndiyo maana aliposikia kuna watu Doha wanataka riwaya ya wapiga mbizi wa lulu igeuzwe filamu, alipanda ndege na sanduku moja. Sasa ana miezi saba hapa. Wenyeji wake walimpangia chumba, wakampa kitabu, kisha wakahamia ofisi mpya kwenye kisiwa cha The Pearl, na siku hizi simu zake wanazipokea wanapojisikia.

Baba, kazi yake ungeiona ungeshika kichwa. Kitabu hukikata kwa wembe. Kurasa anazozitaka huzipanga sakafuni kuanzia mlangoni hadi dirishani, kwa mfuatano wa filamu yenyewe, halafu anatembea katikati yake akiwa na soksi. Asizozitaka huzifunga kwa uzi na kuziweka mezani. Anasema hizo amezipumzisha. Sisi hotelini tumefundishwa kinyume chake: cha mezani usikiguse, cha chini ni taka. Mwezi wake wa kwanza hapa nilibakiza kidogo tu kuwamaliza wapiga mbizi wote kwa fagio.

Siku moja aliniuliza kama napenda kusoma. Nikamwambia baba yangu ni mwandishi. Akaweka kalamu chini na kunitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Basi kila siku nikawa namsimulia kipande cha Kambi ya Saba huku natandika kitanda. Msimamizi wetu Douglas, Mkenya, ameshaanza maneno: "Hidaya, hiyo room moja unakaa ndani ni kama wewe ndio unalipa rent." Nimesimulia wiki sita mpaka mwisho. Mzee akauliza kama mashamba ya mkonge ya kitabuni bado yapo, kisha akasema anataka kukiandika kiwe sinema. Hakuna aliyemwagiza. Anasema akiwa na hati nzuri mkononi, yuko mtu atakayemfungulia mlango.

Anaomba kitabu chenyewe, Baba. Nitamtafsiria ukurasa kwa ukurasa kwa Kiingereza changu hiki hiki. Tafadhali nitumie.

Mwanao,
Hidaya

*

Muheza, 30 Aprili 2011

Mwanangu Hidaya,

Marahaba. Salma amenisomea barua yako mara mbili. Nilipoomba ya tatu alisema ana dagaa jikoni.

Nimeishi miaka thelathini na minne nikingoja mtu aulizie kitabu changu, na sikutegemea angetokea Japani. Lakini sikatai mgeni. Mwambie Bwana Kuwabara nimepokea ombi lake kwa heshima, na kwamba habari za wembe sijazifurahia, ila kila fundi ana chombo chake. Mimi mwenyewe nilikiandika kitabu kile nyuma ya karatasi za mahudhurio ya shamba, nikiwa karani, na meneja hakujua kwa nini karatasi zinaisha haraka.

Nampa Yusufu, kijana wa jirani, akuletee. Alikuja likizo, anarudi kwenye udereva wake huko Al Wakrah Jumanne. Nakala ninayokutumia ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu nimeisahihisha kwa mkono. Wino wa buluu ni wa mwaka nilioumwa mapafu. Wino mwekundu ni wa mwaka aliofariki mama yenu. Hizo nyingine zilizo mashuleni, kama mnavyojua tangu mkiwa wadogo, zina makosa ya wapiga chapa, na mpiga chapa wangu alikuwa mlevi. Hii ndiyo yenye kauli yangu ya mwisho.

Kwa hiyo irudi. Ameniandikia mwalimu mmoja wa chuo kikuu, anaitwa Augustine, anayezunguka nchi nzima akitafuta riwaya za zamani zichapwe upya. Nimemwahidi ataikuta hapa Machi mwaka kesho. Mimi umri wangu ni wa kuchapwa upya mara moja tu, Hidaya. Sitaki kumwonyesha mwalimu yale makosa ya mlevi.

Kula vizuri. Sauti yako kwenye simu imekuwa nyembamba.

Baba yako,
Suleimani Mhina

*

Doha, 3 Juni 2011

Kwa Bwana Suleimani Mhina, mwandishi.

(Baba, haya ni maneno ya Mzee Kuwabara. Yeye ameyasema kwa Kiingereza, mimi nimeyaandika.)

Kitabu chako kimefika mikononi mwangu salama. Binti yako amenisomea kurasa arobaini, na kila ukurasa tunaomaliza anaubandika kipande cha karatasi chenye tafsiri yake. Mara mbili ameacha kusoma na kwenda kufungua bomba la maji bafuni ili nisimsikie akilia.

Nina desturi moja. Kabla sijakata kitabu cha mtu aliye hai, humwandikia nikamuuliza swali: ni ukurasa gani hukuutunga? Katika kila riwaya upo ukurasa ambao mwandishi aliuona kwa macho yake akaunakili tu. Waandishi wengi hunijibu kwa hasira. Mmoja alinijibu baada ya miaka tisa, filamu imeshasahauliwa. Lakini nikiujua ukurasa huo, najua filamu nzima ielekee wapi, na mengine naweza kuyatoa bila hofu.

Ni lazima nitoe mengi. Waandishi wameniita mchinjaji, na mmoja wao aliniita hivyo mbele ya mke wangu. Nisamehe mapema.

Kuwabara Tadao

*

Doha, 21 Agosti 2011

Dada Salma,

Shikamoo. Barua hii usimsomee Baba. Sikupigi simu kwa sababu simu yako inapaza sauti hata aliyeko barazani anasikia.

Kitabu cha Baba kimepotea.

Nianze mwanzo. Tulipomaliza kutafsiri, Mzee Kuwabara aliniuliza kabla hajashika wembe: je, kuna nakala nyingine? Aliuliza mara mbili, nami nikamjibu kwa majivuno kabisa kwamba ipo katika kila shule kwetu. Akasema atazihifadhi kurasa zile zenye maandishi ya Baba na kuzishona tena akimaliza, anajua kushona vitabu. Basi akakata. Mwezi wa saba jibu la Baba likaja, unalikumbuka, wewe ndiye uliyeliandika: ukurasa wa mia na kumi na mbili, pale mwanamke anapomnawisha mumewe utomvu wa mkonge kwa maji ya majivu, kidole kimoja kimoja, ili amshike mtoto bila kumwasha. Mimi sikujua kama yule alikuwa Mama. Mzee aliuhamisha ukurasa ule akauweka katikati ya chumba, na kurasa nyingine zote akazipanga upya kuuzunguka.

Jumanne iliyopita Douglas alinipandisha ghorofa ya tisa kwa sababu ya wageni wengi wa futari. Chumba 614 akampa msichana mgeni, Cherotich, ana wiki mbili tu hapa. Nilipaswa kushuka kumwonya. Nilikuwa na saumu, vyumba kumi na saba, nikasema nitashuka baadaye. Mzee mwenyewe alikuwa amekwenda The Pearl kungoja watu wake wa filamu, ambao siku hiyo hiyo walimwambia ile riwaya ya lulu wamempa mwandishi mwingine, kijana.

Cherotich alifanya vile tulivyofundishwa sote. Nilimkuta kwenye ngazi analia. "Mimi nilifagia tu venye tulifunzwa," akaniambia. "Kwa meza sikugusa kitu. Kama ni za maana mbona ziwe chini? Nilikuwa nijue aje?" Tulishuka naye kwenye mapipa, gari la taka lilikuwa limeshapita. Nilifuturu kwa maji palepale, nimekaa kwenye ukingo wa mapipa na sare yangu.

Kurasa mia moja na kumi na sita zimekwenda, pamoja na tafsiri zangu zilizobandikwa. Zimebaki sabini na nne za mezani, zile alizozikataa.

Mzee aliporudi nilimwambia mwenyewe. Alipiga magoti, akaweka paji la uso kwenye zulia, akakaa hivyo. Mzee mzima, Dada, mbele ya mfagiaji. Nikamwambia inuka, Mzee, nakala zipo nyumbani, tumepoteza masahihisho tu. Aliniamini, akainuka.

Sasa naomba uende mashuleni uniazimie nakala moja. Hata yenye makosa ya mpiga chapa siyo neno. Baba anayakumbuka masahihisho yake, atakaa na mwalimu Augustine ayarudishe. Nitamwambia ukweli tukiwa na nakala mkononi, siyo kabla.

Mdogo wako,
Hidaya

*

Muheza, 18 Septemba 2011

Hidaya,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nimekuwa nikitafuta.

Nimekwenda shule tano. Nimekwenda maktaba Tanga mjini, dada wa pale akanishushia madaftari ya orodha tangu miaka ya sabini, tukapekua mpaka vumbi likanitoa kamasi. Nimemtafuta mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa akija kucheza bao na Baba. Nikamuuliza kama shuleni kwake waliwahi kusoma Kambi ya Saba. Akaniuliza, ni kitabu cha nani?

Hakuna, Hidaya. Siyo kwamba vimeisha. Hakuna mtu aliyewahi kukiona.

Sijathubutu kumuuliza Baba. Nikimtazama nashindwa hata kuanza. Kila jioni ananiuliza filamu imefika wapi, nami nasema wanatafuta mahali pa kupigia picha. Jana akaniagiza nikuandikie kwamba mashine za mkonge za siku zile zilipiga kelele sana, wasije wakasahau kelele. Nimekuandikia, basi.

Jicho la kulia nalo limeanza ukungu. Daktari anasema tusubiri.

Kama una lolote la kufanya, lifanye kabla ya Machi.

Salma

*

Doha, 5 Februari 2012

Baba,

Shikamoo. Namwomba dada Salma akusomee barua hii yote, asiruke hata neno moja, hata ukimwambia anyamaze.

Kitabu chako nilikipoteza Agosti iliyopita. Kilikatwa kwa idhini yangu, kwa kuwa nilimdanganya Mzee kwamba nakala ziko katika kila shule kwetu, na kurasa zilizopangwa sakafuni zilifagiwa siku ambayo nilipaswa kumwonya msichana wa zamu na sikumwonya. Tangu hapo kila ulichosikia kuhusu filamu ni uongo. Dada aliusema kwa ajili yangu, mzigo wake ni wangu. Nimetafuta njia ya kukuambia kwa miezi mitano na njia ni hii tu.

Mzee Kuwabara alijaribu. Nilipomwambia kwamba nakala nyingine hazikupatikana, hakunilaumu. Tulianza upya, mimi nikisimulia, yeye akiandika. Lakini Baba, mara hii kisa hakikutoka. Nilijikuta namuuliza yeye, je, hapa alisema nini yule mpishi wa kambini? Naye ananiuliza mimi. Desemba watu wa The Pearl waliacha kulipia chumba, akapewa siku tatu. Nilimfungia sanduku. Alipofika kwao aliugua, na wiki iliyopita nimepata bahasha yake. Ndani mna hati ya filamu, kurasa thelathini na mbili, kwa Kijapani, mwandiko wake wa mkono. Hakuna mtu hapa wa kunisomea. Iko pia barua kwako, ya Kiingereza, nami nimeitafsiri:

"Bwana Mhina, nimekata vitabu thelathini na kimoja vya watu. Watu walidhani nina ujasiri. Haukuwa ujasiri. Kila nilipotoa kitu, nilijua kitabu kimesimama nyuma yangu kwenye rafu, kizima, na atakayetaka kujua nilichotoa atakwenda kukisoma. Safari hii niligeuka nyuma, pakawa patupu. Niliyoandika humu siyo kitabu chako. Ni yale anayoyakumbuka mzee mmoja mgonjwa kutoka kwa sauti ya binti aliyekuwa akitandika kitanda. Hati hii nimeipeleka kwa watu watatu niliowahi kuwafanyia kazi. Wawili hawakunijibu, wa tatu alinitumia maua. Nimeuza meza yangu. Sitaandika tena."

Baba, namtuma Yusufu akuletee hati hiyo na zile kurasa sabini na nne zilizobaki. Zina wino wako. Nimezifunga kwa uzi uleule wa Mzee.

Sijui niombe nini. Nisamehe ni neno dogo, lakini sina jingine.

Hidaya

*

Muheza, 26 Machi 2012

Mwanangu Hidaya,

Anayeandika ni Salma, mimi nasema.

Umeniandikia kwamba ulimdanganya mgeni kuhusu nakala za mashuleni. Hukumdanganya. Wewe ulirudia uongo wangu, nami niliusema kwa miaka mingi hata ikafika siku nikiusema sisikii kama ni uongo. Vilichapwa vitabu elfu mbili. Vilinunuliwa mia na themanini. Vingine vilikaa ghalani kwa yule mlevi, na alipofilisika wakavibeba wauza vitumbua kwa kilo. Mwaka wewe ulipozaliwa nilinunua vitumbua stendi ya Korogwe, nikafungiwa katika ukurasa wangu wa tisini na nne. Nilivila nikiwa nasoma. Nilipofika nyumbani mama yenu aliniuliza kwa nini nimenyamaza, nikamwambia kitabu kinaingia mashuleni. Alifurahi mno. Nikashindwa kurudi nyuma.

Ile niliyokutumia ilikuwa ndiyo pekee iliyobaki, ninavyojua. Ningekuandikia hivyo kwa mstari mmoja, ungeitunza ndani ya nguo zako na hakuna wembe ambao ungeigusa. Nilikaa na kalamu nikaona aibu kwamba Mjapani ajue. Usibebe peke yako jambo ambalo mimi nilikubebesha.

Yusufu alileta mzigo. Hati ya Bwana Kuwabara nimeishika, karatasi yake ni laini. Salma anasema maandishi yanashuka kutoka juu kwenda chini. Nimeiweka.

Kisha nilimwomba anisomee zile sabini na nne. Macho yameshafunga, kwa hiyo nilisikiliza tu. Hidaya, yule bwana alikuwa fundi. Aliziacha mezani kwa haki. Ni pale ninapomhutubia msomaji habari za uhuru, ni pale ninapoeleza jua kwa kurasa tatu, ni maneno ya kijana anayetaka asifiwe. Kila ukurasa Salma alipoumaliza nilimwambia, siyo huu, endelea. Akaendelea mpaka ukurasa wa mwisho.

Nikasema basi, nitatunga upya ule wa mama yenu, huo naujua. Salma akachukua daftari. Sentensi ya kwanza ilikuja. Ya pili ilikuja, nikasikia siyo yenyewe. Tulijaribu siku nne. Nayakumbuka majivu, nakumbuka beseni la bati, namkumbuka yeye alivyoinama. Maneno yake siyapati, na kila nikijaribu naharibu hata ninachokumbuka, kwa hiyo nimeacha.

Mwalimu Augustine alikuja juzi. Kijana mpole, amevaa vizuri, alitoka Dar es Salaam kwa basi tangu alfajiri. Salma alimkaribisha barazani. Akasema anamtafuta mwandishi Suleimani Mhina. Zile kurasa zilikuwa mapajani mwangu. Nikafikiri: nikimpa hizi atazichapa, naye atakuwa amefanya wema, na watu watasema kumbe ndivyo alivyoandika.

Nikamwambia amekosea nyumba.

Aliomba radhi, akauliza kama namjua. Nikasema nilimsikia zamani, alikuwa karani. Salma alimpa maji, akanywa, akaenda zake. Usimlaumu dada yako kwa kutosema kitu, nilimshika mkono.

Kwenye barua zako usiniandikie tena habari za kitabu. Niandikie kama umepata likizo, na kama umehamishwa ghorofa.

Baba yako